Kuandaa Pikipiki Mpya ya Lami na Vumbi Kabla ya Safari za Kwanza: Mwongozo Kamili

Pikipiki mpya ya bei nafuu, ile yenye tairi ya mbele ya inchi 21 na ya nyuma ya inchi 18, shokapu ndefu na injini ya silinda moja ya cc 150 hadi 250 inayopozwa kwa hewa, hutoka dukani iking'aa na huwaka kwa kubonyeza kitufe mara moja. Mnunuzi huiona kama chombo kilichokamilika, ilhali kazi ya kuiunganisha bado haijakwisha. Bei yake imeshuka kwa sababu ya aina ya chuma kilichotumika, na pia kwa sababu ya saa za kazi zilizobanwa: grisi ikapakwa kidogo au isipakwe kabisa, nati zikakazwa kwa kukisia, spoki zisirudiwe, betri isichajiwe hadi mwisho. Kazi hizo zote mwenye pikipiki anaweza kuzifanya mwenyewe, au zikafanywa na fundi wake huku naye amesimama pembeni akitazama, na siku mbili za utulivu zinatosha.

Mwongozo huu unahusu hasa pikipiki za Kichina zinazouzwa Tanzania na Kenya zikiwa na injini ya mtindo wa CG. Asili ya injini hiyo ni Honda CG125 ya miaka ya 1970, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mzigo mzito na huhudumiwa kwa nadra, na ndiyo maana valvu zake husukumwa kwa fimbo badala ya kuendeshwa na cheni ya ndani. Muundo wake ni mzuri na unasamehe mengi. Kinachotofautiana sana kutoka kiwanda hadi kiwanda ni umakini wa kuufunga, na hapo ndipo juhudi za mnunuzi zinapohitajika.

Kabla ya kushika spana, linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi, hakikisha bima ipo, kisha soma kitabu cha pikipiki chote hata kama Kiingereza chake ni kibovu. Vipimo vinavyotolewa hapa ni vya kawaida kwa pikipiki za aina hii, lakini kitabu kikitoa kipimo tofauti kwa modeli yako, fuata kitabu.

Anza na vilivyofungwa dukani

Pikipiki hizi husafirishwa ndani ya kreti. Ili zienee, kiwanda hufungua gurudumu la mbele, usukani, madigadi ya mbele, vioo na wakati mwingine keria, na vitu hivyo hurudishwa na mfanyakazi wa duka au wa ghala ambaye siku hiyo ana pikipiki nyingi za kufunga. Kwa hiyo viungo vya kushuku kwanza ni hivyo hivyo: ekseli ya mbele, bolti za kushikia usukani, bolti za kalipa ya breki, na nati kubwa iliyo juu ya shingo ya usukani. Fungua kila kimoja, kitazame, kisha ukifunge upya. Kugusa kwa spana na kuridhika kwamba "kimekaza" hakutoshi, kwa sababu bolti iliyoingia kombo nayo huonekana imekaza.

Spana ya kupimia nguvu ni kifaa cha kuazima kama huwezi kukinunua. Bolti ya milimita 6 inatosheka na takriban Nm (nyutonimita) 10, ya milimita 8 hutaka karibu Nm 22, na ya milimita 10 hutaka takriban Nm 40. Nati za ekseli zina kipimo chake kitabuni, nacho ni kikubwa zaidi. Chuma cha bolti za bei nafuu ni laini, na uzi uliokatwa ndani ya alumini ya injini si kitu cha kurekebisha barabarani, kwa hiyo kukaza kupita kiasi ni kosa baya kuliko kukaza pungufu kidogo. Bolti za sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na cheni), za keria, za madigadi, za stendi ya pembeni na za kushikilia indiketa zipakwe tone la gundi ya nati, ile ya buluu inayoweza kufunguliwa kwa spana ya kawaida. Nati za ekzosi zisipakwe, kwa kuwa joto huiharibu gundi hiyo.

Ukimaliza kukaza, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani. Nati ikijizungusha hata kidogo, mstari unakatika, na utauona ukiwa umechuchumaa kando ya pikipiki asubuhi bila kushika kifaa chochote. Mstari huo ni wa lazima kwenye ekseli, kalipa, bolti za usukani, bolti za injini kwenye fremu na bolti za sproketi.

Grisi mahali ambapo macho hayafiki

Inua gurudumu la mbele kwa kuweka kreti la soda au gogo chini ya injini, kisha uzungushe usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Unapaswa kwenda laini, bila kukwama katikati na bila kugugunika. Baadaye shika miguu ya shokapu za mbele chini kabisa, ivute na kuisukuma. Ukisikika mgongano, beringi za shingo zimelegea. Lakini hata zikiwa sawa, zifungue. Mara nyingi gololi za shingo hukutwa zina mpako mwembamba tu wa grisi ya kuzuia kutu njiani, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuzila. Zisafishe, zipake grisi ya kutosha isiyooshwa na maji, rudisha, kisha kaza ile ringi ya kurekebishia hadi mchezo (ulegevu) utoweke na usukani uweze kuanguka wenyewe upande wowote unaposukumwa kidogo kutoka katikati.

Boliti refu la uma wa nyuma, yaani ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Likikaa kavu hushikana kwa kutu na bomba lake, na siku utakapotaka kubadilisha bushi litatoka kwa nyundo na moto. Lichomoe sasa lingali jipya, lipake grisi urefu wake wote, lirudishe. Fanya hivyo hivyo kwa ekseli zote mbili, kwa boliti za shokapu ya nyuma, kwa kiungo cha pedali ya breki na cha stendi. Leva za klachi na breki zipate grisi kidogo kwenye vishikizo vyake, na waya wa klachi upewe matone ya oili kutoka juu hadi yaonekane yakitokea chini.

Magurudumu

Spoki mpya hulegea, kwa sababu vichwa vyake vinaendelea kujikalia ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) na ndani ya rimu katika kilomita za kwanza. Inua gurudumu, lizungushe, na uguse kila spoki kwa spana ndogo. Zilizokaza hulia mlio mkali unaofanana. Iliyolegea hutoa mlio mfu. Zikaze kwa robo mzunguko tu kila mara, ukipita gurudumu lote kabla ya kurudia, kwa sababu spoki moja ikivutwa peke yake huipinda rimu. Weka kipande cha waya kikielekea rimu kutoka kwenye uma na uangalie nafasi yake gurudumu likizunguka: mchezo wa hadi milimita 2 unakubalika.

Tairi zinazokuja na pikipiki ya bei nafuu mara nyingi huwa na mpira mgumu, na zikiwa mpya huteleza kwenye lami yenye unyevu hadi tabaka lake la juu lisuguliwe. Zitumie kwa adabu kilomita 100 za mwanzo, usilale sana kwenye kona, na ukipata fedha anza kubadilisha ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama utasimama wima kwenye mchanga. Upepo wa psi 26 hadi 30 unafaa kwa lami. Kwenye changarawe na vumbi punguza hadi psi 20 au 22, ambapo tairi hukaa vizuri zaidi juu ya mawe. Usishuke chini ya psi 16 kwa tyubu nyembamba za kiwandani, kwani tairi itajizungusha juu ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Nunua tyubu nzito mapema. Kipimo cha upepo nacho kiwe chako mwenyewe, kwa maana vya vituo vya mafuta havikubaliani.

Cheni, jambo linalostahili saa nzima

Cheni ya kwanza ya pikipiki hizi, kwa kawaida saizi ya 428 isiyo na ringi za mpira, hurefuka haraka katika kilomita 500 za mwanzo. Hilo peke yake si tatizo. Tatizo ni kwamba watu huikaza kama ya pikipiki ya mjini, kwa milimita 20 hadi 30 za mchezo, ilhali pikipiki yenye shokapu ndefu hubadilisha umbali kati ya sproketi mbili kila inapopita shimo. Gurudumu linapopanda, cheni hukaza zaidi, na ipo hali moja ambamo hukaza kuliko zote: pale ambapo kitovu cha sproketi ya mbele, boliti la uma wa nyuma na ekseli ya nyuma vinapokaa kwenye mstari mmoja. Kama hakuna mchezo katika hali hiyo, nguvu yote ya shimo inaingia kwenye beringi ya shafti inayotoka ndani ya gia, na beringi hiyo ikifa injini hufunguliwa yote.

Kipimo sahihi unaweza kukipata mwenyewe. Inua pikipiki ili gurudumu la nyuma lining'inie, ondoa boliti la chini la shokapu ya nyuma, kisha mwombe mtu ainue gurudumu polepole hadi vitovu vile vitatu vilingane. Kipande cha ubao ulionyooka kitakuonyesha. Katika hali hiyo cheni iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 15 katikati. Rekebisha hadi upate hivyo, rudisha boliti la shokapu, shusha pikipiki juu ya stendi yake, na sasa pima mchezo wa cheni bila mtu kukaa. Pengine utapata 35, pengine 45. Namba hiyo ndiyo ya pikipiki yako. Iandike kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti na uitumie siku zote.

Alama zilizochongwa pande mbili za uma wa nyuma kwa ajili ya kunyoosha gurudumu mara nyingi hazilingani. Tumia futi ya utepe: pima kutoka kitovu cha boliti la uma hadi kitovu cha ekseli, kushoto na kulia, na ulinganishe. Kama kiungo cha cheni kina klipu, upande wake uliofungwa utazame mwelekeo ambao cheni inakwenda, na waya mwembamba uliozungushwa juu yake ni kinga nzuri. Paka oili ya cheni baada ya safari cheni ikiwa na joto, futa inayobaki, kwa sababu oili iliyozidi hubeba mchanga.

Hapo hapo fikiria sproketi ya mbele. Pikipiki nyingi za bei nafuu hutoka na gia ndefu ili zionekane zina kasi. Kupunguza jino moja mbele, kutoka 15 hadi 14, kunaongeza nguvu ya mvuto kwa takriban asilimia 7, na kwenye mlima wa changarawe tofauti hiyo inahisika. Kwa maoni yangu ndiyo pesa ndogo inayoleta faida kubwa kuliko zote kwenye pikipiki ya aina hii, mradi mwendeshaji akubali kwamba kasi ya mwisho kwenye lami itapungua na kwamba mita ya kilomita, ikiwa inaendeshwa na gia badala ya gurudumu, itadanganya.

Breki

Safisha diski kwa spiriti au kisafisha breki ili kuondoa mafuta ya ghalani, kisha angalia kama bomba la breki ya mbele linaguswa na kitu usukani unapopinda hadi mwisho na shokapu zinapobonyea. Leva ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani. Toa hewa kwa mafuta mapya ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, DOT 3 au DOT 4. Breki ya ngoma ya nyuma irekebishwe ili pedali iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3, na gurudumu lizunguke huru.

Pedi mpya hazishiki vizuri hadi zilingane na diski. Tafuta barabara tupu, fika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, punguza kwa nguvu ya wastani hadi kilomita 10 bila kusimama kabisa, achia, acha zipoe kidogo, rudia mara 20. Usikamate leva ukiwa umesimama na diski ya moto.

Umeme

Shida nyingi za umeme za pikipiki hizi ziko kwenye soketi (viunganishi vya waya) na kwenye waya uliopita vibaya, mahali ambapo macho na vidole vinatosha. Ondoa kiti, tangi na kava za pembeni. Fungua soketi moja moja, angalia kama pini yoyote imerudi nyuma, jaza grisi ya umeme au vaselini, funga hadi usikie ikibana. Kisha fuata mkanda wa waya unaotoka kwenye taa ya mbele hadi kwenye fremu, na upinde usukani mara kadhaa huku ukiutazama: unaposuguana na shingo ya fremu, hapo ndipo ngozi yake itakapotoboka. Uvishe bomba la mpira, ufunge kwa kamba za plastiki, ukiacha ulegevu wa kutosha. Waya wa ethi, yaani wa hasi unaokwenda kwenye fremu, fungua, kwangua rangi hadi chuma kionekane, rudisha, paka grisi juu.

Betri ya volti 12 iliyotiwa asidi dukani na kufungwa saa hiyo hiyo haitaishi miaka. Ichaji polepole kwa mkondo wa moja ya kumi ya uwezo wake, yaani ampea 0.7 kwa betri ya Ah 7, hadi ikipumzika ionyeshe volti 12.6 au zaidi. Injini ikiwa inanguruma kwa mzunguko wa kati, volti kwenye ncha za betri ziwe kati ya 13.5 na 14.8. Zikizidi hapo, regileta (kifaa kinachodhibiti chaji) ina kasoro, na hiyo ni kazi ya dhamana. Weka fyuzi mbili za akiba chini ya kiti.

Hewa na mafuta

Kama kuna kitu kimoja kinachoziua injini ndogo za maeneo yetu makavu, ni vumbi linaloingia kwenye silinda. Vumbi la barabara za udongo lina chembe ngumu zinazosaga ringi za pistoni kama msasa, na injini iliyopaswa kuishi miaka huanza kutoa moshi wa buluu mapema mno. Toa chujio la hewa. Likiwa la sponji, litazame kama lina oili. Mengi hutoka makavu, na sponji kavu haizuii vumbi laini. Lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa kivulini, lipake oili ya chujio au oili ya injini, likamuliwe hadi lisidondoke. Paka grisi kwenye mdomo wa boksi lake mahali chujio linapokalia, kisha utie mkono na uangalie kwa tochi mpira unaounganisha boksi na kabureta. Mara nyingi kibano chake hakijakaza, au mpira umekaa kombo na kuacha upenyo ambao unaweza kupitisha ukucha. Chujio zuri halisaidii kitu pakiwa na upenyo huo.

Kwenye kabureta, mimina mafuta ya kwanza yaliyomo kwenye kikombe chake, kwani hubeba chenga za tangi, na weka chujio dogo la mafuta kwenye mpira wake kama halipo. Pikipiki nyingi hutoka zikiwa na mchanganyiko mwembamba, yaani wenye mafuta machache kuliko inavyofaa kwa hewa iliyopo. Dalili zake ni injini kusitasita inapopewa aksileta, kulipua kwenye ekzosi unapoachia aksileta, na ncha ya plagi kuwa nyeupe baada ya safari. Kupandisha sindano ya kabureta kwa hatua moja, kwa kushusha klipu yake mfuo mmoja, mara nyingi hutosha. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu inaonyesha kwamba umefika.

Hapa uwe na kiasi ikiwa unaishi au unasafiri milimani. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo kabureta iliyonenepeshwa Tanga itakuwa nene kupita kiasi Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Rekebisha kwa mahali unapoendesha zaidi. Sailensa, yaani mwendo wa injini aksileta ikiwa imeachiwa, iweke kwenye mizunguko takriban 1,400 kwa dakika, injini ikiwa na joto. Ikiwekwa chini sana, injini ya namna hii haipati oili ya kutosha juu.

Oili na tapeti

Oili ya kwanza, ile iliyotiwa kiwandani, imwage mapema. Kitabu kinaweza kusema kilomita 500 au hata 1,000, nami nashauri imwagwe baada ya kilomita 50 za kwanza, kwa sababu ndani yake kuna chembe za chuma za kuchongea na mabaki ya gundi ya gasketi. Fanya hivyo injini ikiwa ya moto. Nyingi za injini hizi zina kofia kubwa chini yenye springi na chujio la wavu. Litoe, lioshe kwa mafuta ya taa, tazama vilivyonaswa. Mng'aro laini kama vumbi la fedha ndani ya oili ni wa kawaida mwanzoni. Vipande vinavyoshikika kwa kidole si vya kawaida, na hapo ni kurudi dukani. Badilisha tena kwenye kilomita 500, kisha 1,000, baada ya hapo kila kilomita 1,500 hadi 2,000.

Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, 20W-50 kwa joto la pwani au 10W-40 kwa nyanda za juu zenye baridi. Alama hiyo ina maana kwa sababu klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Kiasi chake ni karibu lita 1. Kiangalie kwa kijiti pikipiki ikiwa imesimama wima.

Tapeti, yaani nafasi kati ya kila valvu na mkono unaoisukuma (roka), zirekebishwe injini ikiwa baridi kabisa, ikiwa imelala usiku. Toa plagi, ondoa kofia za valvu na kifuniko cha upande wa magneto, zungusha injini taratibu kwa spana hadi alama ya T, inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, ilingane na alama ya kasha. Roka zote mbili ziwe na mchezo kidogo. Kama moja imebana, pistoni iko kwenye duru isiyo yake, zungusha mara moja zaidi. Kwa Honda CG125 ya asili nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, na nyingi za nakala zake ziko karibu na hapo. Pitisha kibamba cha fila geji (kifaa cha vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya skrubu na ncha ya valvu. Kipite kwa ukinzani mdogo, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu. Kaza nati ya kufungia huku ukishikilia skrubu isizunguke, kisha pima tena, kwa sababu karibu kila mara kukaza nati huibadilisha nafasi. Rudia hadi ibaki sawa baada ya kukaza. Wengi huogopa tapeti inayolia. Ya kuogopwa ni ile iliyobana, kwa kuwa haitoi sauti yoyote huku valvu ikiungua kwa kutokaa vizuri.

Kilomita za kwanza

Ringi za pistoni hujikalia kwenye silinda kwa kusukumwa na mzigo unaopanda na kushuka, na hii hutokea mapema katika maisha ya injini. Kwa hiyo kuiacha injini mpya ikinguruma uani kwa saa nzima, au kuiendesha kwa upole wa kupindukia kwenye gia ya tano, hakuifai. Iwashe, ipate joto kwa dakika 2 au 3, panda, tembea dakika 20 ukibadilisha mwendo na gia mara kwa mara, ukifungua aksileta hadi nusu kisha ukiiachia kabisa. Rudi nyumbani, iache ipoe hadi uweze kushika silinda kwa mkono, kagua mistari ya rangi ya kucha, rudia. Epuka kuikokotesha kwenye gia kubwa mlimani, epuka kuishikilia kwenye mzunguko mmoja kwa muda mrefu, na epuka kuipakia abiria na magunia hadi kilomita 500 zipite.

Baada ya kilomita 50 hizo, kazi ya mwanzo inarudiwa kwa ufupi: oili, spoki, cheni, shingo ya usukani, nati zote. Utashangaa ni ngapi zimelegea. Kwenye kilomita 500 rudia pamoja na tapeti.

Safari ya kwanza ya vumbi iwe karibu na nyumbani, mahali ambapo ukiharibikiwa unaweza kuisukuma au kumpigia mtu simu. Vaa kofia ngumu inayokaa barabara kichwani, glavu, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Mfukoni mwa zana ziwemo spana za 8, 10, 12, 14 na 17 pamoja na za ekseli zako, koleo, bisibisi, plagi na spana yake, kiungo cha cheni cha 428, waya wa kufungia, mkanda wa umeme, pampu, vipande vya kuzibia na vyuma viwili vya kutolea tairi. Tyubu ya akiba ikiwa ni moja, chukua ya mbele ya inchi 21, kwa kuwa ikibidi inakunjika ndani ya tairi ya nyuma ya inchi 18 na kukufikisha nyumbani, wakati ile ya nyuma haiwezi kufanya hivyo mbele. Waya wa pili wa klachi upitishe kando ya ule wa kwanza tangu sasa na ufunge ncha zake kwa nailoni. Ule wa kwanza ukikatika porini, kubadilisha ni kazi ya dakika chache.

Kabla ya kutoka kwenye lami punguza upepo, na baada ya nusu saa ya mwendo simama kivulini uishike habu ya gurudumu la mbele na la nyuma kwa kiganja. Habu iliyo ya moto kuliko mwenzake ina beringi iliyobana au breki inayokokota, na ni bora kurekebisha hapo hapo kabla ya kuendelea. Ukirudi, ioshe kwa maji yasiyo na presha kubwa kwenye beringi na soketi, pasha injini moto dakika chache ili maji yakauke, paka cheni oili, na utoe chujio la hewa uangalie sehemu yake ya ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, usiiwashe tena hadi upate mahali vumbi hilo linapopita.